Picha ya Ntiro na Mtoto wa Kasulo

Mjini Paris, katika bustani ya Tuileries, imo nyumba iitwayo Orangerie ambamo tangu mwaka 1927 zimetandazwa picha kubwa za mayungiyungi zilizochorwa na Claude Monet. Mzee huyo aliyachora maua ya bwawa la nyumbani kwake, akaitunukia Serikali ya Ufaransa kazi hiyo baada ya Vita Kuu kumalizika mwaka 1918. Mtoto wa mji ule hucheza bustanini, kisha huingia kutazama mali ya taifa lake.

Mtoto wa Kasulo, wilayani Ngara, hana bahati hiyo, wala si kwa sababu nchi yake imekosa wachoraji. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyesoma Makerere na London, na ambaye baada ya Uhuru aliiwakilisha nchi huko Uingereza, alichora mwaka 1956 picha ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, ambayo nayo ina bustani yake katikati ya jiji. Mgomba, pombe yake na shughuli za arusi, yote hayo mtoto wa Kasulo anayafahamu kuliko mlinzi wa makumbusho yale. Hata hivyo, picha yenyewe iko ng'ambo ya bahari.

Ntiro hastahili lawama; msanii naye hula. Linalotakiwa ni nakala safi za kazi kama hiyo, zichapwe na kutundikwa madarasani. Watakuwapo wa kusema kwamba madawati yatangulie. Hoja hiyo ina uzito, hasa Kasulo, mahali palipobeba mzigo mkubwa wa wakimbizi kutoka Rwanda mwaka 1994 katika kambi ya Benaco. Lakini nakala ya karatasi haiwezi kumnyima mtoto dawati.

Tena wako watumishi wa umma wanaofika Dar es Salaam kikazi, wakapita mbele ya Makumbusho ya Taifa, jirani kabisa na Bustani ya Mimea, wasiingie hata mara moja. Yafaa waingie, na wakirudi wilayani wawasimulie walimu walichokiona. Mwalimu naye asingoje nakala hizo zifike: karatasi na penseli zatosha kuwapeleka wanafunzi migombani wakachore.