Jiwe Lililosimama Angani

Twisheni za fizikia zinawadanganya vijana wa kidato cha sita. Wanauziwa majibu ya mitihani iliyopita, wakariri, ati ndiyo mlango wa chuo kikuu. Jiwe likirushwa wima kwa mita 20 kwa sekunde, kijana hujibu upesi: litapanda mita 20. Muulize mchapuko wake lifikapo kileleni. Sifuri, asema, maana limesimama. La hasha! Ni ule ule wa karibu mita 10 kwa sekunde kila sekunde, kuelekea chini; ungekuwa sifuri, jiwe lingebaki huko huko juu. Vijana wa namna hii tuliwapokea chuoni, wasomee ualimu! Heri maswali kumi yaliyochorwa na kubishaniwa. Nawe mzazi, kabla hujalipa, mwulize huyo mwalimu wa twisheni habari za jiwe.