Picha ya droni si jicho la ndege

Hebu tuliongee hili jambo vizuri leo, manake linanikera. Kila wiki kuna mtu anarusha droni juu ya Mji wa Kale, anapiga mabati, minara ya misikiti na Fort Jesus ikiwa na lile umbo lake la mtu aliyenyoosha mikono na miguu, halafu chini anaandika: "Mombasa kwa jicho la ndege." Picha kali, sikatai. Lakini ndege gani huyo?

Kisiwa hiki kina ndege wengi wa kuuliza. Kuna kurabu, wale kunguru wenye shingo ya kijivu. Kuna mwewe wanaozunguka juu ya soko la samaki. Kuna njiwa, shomoro, na yangeyange wanaotembea matopeni maji yakipwa upande wa Tudor. Hakuna hata mmoja anayeiona Mombasa kama droni yako inavyoiona. Mimi nasema mpiga picha ambaye hajawahi kujiuliza wanaonaje anapoteza picha nyingi sana, na mara nyingine anawasumbua viumbe na majirani bure.

Tuanze na njiwa kwa sababu kila mtu anamdharau. Macho yake yako pembeni ya kichwa, na anaona karibu digrii 340 kwa mpigo mmoja. Yaani karibu duara lote. Wewe unapomnyatia kwa nyuma na simu mkononi ukidhani hajakuona, amekuona tangu ulipotoka kwenye kona. Halafu kile kichwa chake kinachoenda mbele nyuma, mbele nyuma, si madaha. Mwaka 1978 mtafiti wa Kanada, Barrie Frost, aliwatembeza njiwa juu ya mkanda wa mazoezi, kama ule wa jimu, ndani ya mahali ambapo vitu vya pembeni havikusogea machoni mwao. Vichwa vikaacha kucheza. Kumbe njiwa anapotembea hukisukuma kichwa mbele haraka, kisha anakituliza pale pale hewani huku mwili ukimfuata, ili dunia isitetemeke machoni. Ana stabilaiza yake ya kuzaliwa, bwana, na wewe yako umeinunua kwa mkopo.

Kwa mpiga picha hiyo ni habari ya pesa. Kile kituo kifupi cha kichwa ndipo jicho linapotoka safi hata kama shata yako si ya kasi sana. Piga mfululizo, usipige moja moja, na ukiangalia baadaye utaona fremu kadhaa jicho limetulia kabisa ilhali miguu imefifia. Mimi hizo ndizo napenda kuliko zile ambazo kila kitu kimeganda kama sanamu.

Sasa kwenye rangi ndipo watu wanachemka. Jicho lako na langu lina aina tatu za seli za kuona rangi. Ndege wengi wana nne, na juu ya kila seli kuna tone dogo la mafuta, mengine yakiwa na rangi, yanayofanya kazi kama filta. Ile seli ya nne inachukua urujuani wa mwisho mwisho, na kwa baadhi ya ndege inaingia hadi kwenye urujuanimno, mwanga ambao sisi hatuuoni kabisa. Shomoro ni wa kundi hilo. Kurabu na jamaa zake wanaishia karibu na urujuani, hawaendi mbali hivo. Na kamera yako je? Imetengenezwa imwige binadamu. Mbele ya sensa kuna filta inayozuia urujuanimno, na vioo vya lenzi vinameza sehemu nyingine. Kwa hiyo ukiniandikia "rangi halisi, bila kuhariri", nakuelewa, lakini ni halisi kwa mwenye seli tatu tu.

Chukua mfano wa hapa hapa. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo yapakwe nyeupe na buluu, na wapiga picha tukafurahia zile kuta. Kwetu nyeupe ni nyeupe. Lakini rangi nyingi nyeupe za dukani zimejengwa juu ya titanium dioksidi, ambayo inameza urujuanimno. Chokaa ya zamani, ile iliyopakwa kuta za mawe ya matumbawe kwa karne nyingi, inarudisha sehemu kubwa zaidi ya mwanga huo. Kwa hiyo kuta mbili ambazo wewe unaziona sawa, moja ya chokaa na moja ya rangi ya mkebe, kwa shomoro anayekaa juu ya waya si sawa. Tena kanzu iliyofuliwa kwa sabuni zenye dawa ya kung'arisha ni hadithi nyingine, kwa sababu dawa hiyo inachukua urujuanimno na kuutoa kama mwanga wa buluu. Mimi chuo niliacha, lakini siku niliyosoma hii nilitoka nje kuangalia kuta za Ndia Kuu kama mgeni.

Tukija kwenye mwendo, nyinyi mnaopiga video mtapenda. Utafiti uliochapishwa 2016 huko Sweden ulipima ndege wadogo wa msituni ukakuta wanaweza kutenganisha mimuliko karibu 140 kwa sekunde. Sisi tukifika 60 hivi, taa inayomulika inaonekana imewaka tu. Video yako ya fremu 30 kwa ndege kama hao ni picha za kukwamakwama. Zile video za fremu 120 unazozipunguza kasi mara nne ili tuone ubawa unavyofunguka ndizo zinakaribia kile ambacho ndege mdogo anaishi nacho kila siku. Ukitaka kweli kunionyesha jicho la ndege, anza hapo, achana na kupaa.

Yangeyange naye ana lake. Samaki ndani ya maji haonekani pale alipo hasa, mwanga unapinda ukitoka majini. Watafiti waliopima koikoi na yangeyange wa pwani waligundua wanarekebisha hilo kosa. Ndege anasimama, anaweka kichwa kwenye pembe yake, kisha anapiga. Ukimwona ametulia hivyo, kidole kikae juu ya shata. Wewe unahitaji filta ya kukata mng'ao wa maji, yeye amemaliza kwa hesabu za kichwani.

Sasa nirudi kwa droni, manake hapa ndipo nina ugomvi.

Watu wanasema mwewe na tai wanaona mara nane kutushinda. Uzushi. Tai wakubwa waliopimwa vizuri wanatushinda kama mara mbili na kidogo, na mwewe wetu wa kawaida hawafiki huko. Uajabu wao uko kwingine. Kila jicho lina vituo viwili vya kuona kwa makini, kimoja cha pembeni na kimoja cha mbele, hivyo mwewe anaweza kuchambua vitu viwili tofauti ambavyo droni yako yenye lenzi moja haiwezi. Lakini pia wana mahali wasipoona. Graham Martin wa Uingereza na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba tumbusi akiinamisha kichwa kutafuta chakula chini, kule mbele anakoelekea anakuwa haoni. Ndiyo maana wanajigonga kwenye mitambo ya upepo. Fikiria basi ndege wa aina hiyo akitafuta mabaki chini, na mbele yake kuna kidude chako chenye mapanga manne. Kumwambia "si angenikwepa" ni kutojua.

Halafu kuna watu. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa na mafundi waliojua habari ya macho. Madirisha na baraza za juu zina mbao za kimia ili aliye ndani aone barabara na wa barabarani asimwone. Uani na darini ni mahali pa kuanika nguo na kukaa bila buibui. Mwewe anapita hapo kila siku na hakuna anayejificha, kwa sababu hapeleki picha popote. Droni inapeleka. Sheria za 2020 zinataka usajili na kibali cha KCAA, sawa, lakini kibali cha serikali hakikupi ruhusa ya dari la mama wa mtu. Uliza watu wa mtaa. Ni salamu tu na dakika tano.

Na kurabu. Najua hawapendwi, na kwa sababu. Walifikishwa Unguja miaka ya 1890 kutoka Bara Hindi, wakasambaa pwani nzima, wanakula mayai na makinda ya ndege wetu. Juni 2024 KWS ilitangaza mpango wa kupunguza milioni 1 kati yao. Mimi siupingi. Ila tuwapige picha kabla, tena vizuri. Jamaa zao wa Seattle walifanyiwa jaribio kuanzia 2006: John Marzluff na wenzake waliwanasa kunguru wakiwa wamevaa kinyago, na miaka baadaye aliyevaa kinyago kile alizomewa hata na ndege ambao hawakunaswa. Kwa hiyo wewe unayewarushia mawe waruke wote kwa mpigo ndiyo video yako ya sekunde kumi ipendeze, usishangae ukirudi wakikukwepa wewe na kumsogelea muuza mahamri. Kaa chini kwenye baraza, shusha kamera iwe usawa wa jicho lake, ngoja. Ule weusi wake jua la alasiri likiupiga unatoa zambarau na kijani ambazo huwezi kuzipata kutoka juu hata upae vipi.

Wengine wameniuliza kama kuna kamera ya kuona kama ndege. Iko, ya watafiti. Januari 2024 Vera Vasas, Daniel Hanley na wenzao walichapisha mfumo wa kamera mbili za kawaida za Sony, moja ikibadilishwa ichukue urujuanimno, zinazogawana mwanga wa lenzi moja, na wakatoa maelezo na programu yao wazi kwa yeyote atakayetaka kuunda. Bado inabidi ile rangi ya nne itafsiriwe kwa rangi zetu tatu ili tuione, kwa hiyo ni tafsiri. Lakini kama kuna fundi wa kamera hapa Mombasa anayeweza kufungua sensa bila kuiua, mimi nina mwili wa pili wa kamera ambao niko tayari kuutoa, na ukuta wa kwanza nimeshauchagua. Ni ule wa chokaa iliyobanduka karibu na ngome, uliopakwa rangi mpya nusu.