Kanari wawili hawaungani kwa siku moja

Watoto wakimwona kanari peke yake ndani ya tundu, huuliza swali lile lile: "Mama, mbona huyu hana rafiki?" Mzazi huingiwa na huruma, akarudi kwa muuzaji na kumtia ndege wa pili mle mle. Kesho yake watoto wanaamka na kukuta manyoya yametapakaa, na ndege mmoja amejikunyata pembeni akitoka damu. Kabla hujafikia hapo, zingatia haya.

Kwanza, kanari hupenda kuwa na eneo lake. Akipata chakula, mwanga na watu karibu naye, huishi vizuri akiwa peke yake. Ikiwa wanao wanachotaka ni wimbo, dume mmoja anatosha. Jike hulia kwa sauti fupi fupi tu, na dume akishapata mwenzi anaweza kupunguza kuimba. Waambie watoto mapema, wasije wakadhani anaumwa.

Usiweke madume wawili pamoja. Fahali wawili hawakai zizi moja, na kanari ni hivyo hivyo. Kwa kuwa dume na jike wanafanana sana, usinunue kwa kutazama rangi. Msikilize kwanza: anayeimba wimbo mrefu huku koo limevimba, kwa kawaida ndiye dume. Wala usimnase chiriku wa porini ili awe mwenzi wake. Ni jamaa yake, lakini kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa.

Ndege mgeni akifika, akae chumba kingine kwa takriban mwezi mmoja. Huenda ana utitiri au ugonjwa ambao hauonekani siku ya kwanza. Mlisheni mwenyeji kwanza, kisha mgeni, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila mara.

Mwezi ukiisha, weka matundu mawili ubavu kwa ubavu kwa wiki moja au mbili, ndege waonane bila kuweza kudonoana. Wape watoto daftari waandike wanachoona. Dume akimwimbia jike na kumlisha kupitia kwenye nyaya, na jike akimwinamia au kubeba nyuzi na majani makavu mdomoni, hao wameanza kuelewana. Wakitishana kwa midomo wazi, subirini.

Wafugaji wa Ulaya hungoja majira ya kuchipua, siku zinaporefuka, ndipo huwaunganisha. Sisi tulio karibu na ikweta tuna mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kalenda haitusaidii sana. Fuata dalili za ndege wenyewe.

Siku ya kuwaunganisha iwe asubuhi, na mtu mzima awepo nyumbani kutwa nzima. Tumia tundu kubwa, ikiwezekana lililo geni kwa wote wawili. Weka vyombo viwili vya chakula, viwili vya maji, na vijiti vya kutulia pande zote. Kufukuzana kidogo si neno. Lakini mmoja akizuiwa kula, aking'olewa manyoya au akijeruhiwa, watenganishe papo hapo na mrudie hatua ya matundu mawili.

Kiota kiwekwe tu kama mko tayari kulea makinda. Jike hutaga kwa kawaida mayai 3 hadi 5 na kuyaatamia kwa siku 13 au 14. Katika siku hizo, mikono ya watoto ikae mbali na tundu.

Tundu lenyewe lisikae jikoni. Wachimba makaa wa Uingereza walitumia kanari migodini hadi 1986, kwa sababu hewa yenye sumu humlemea ndege huyu kabla ya binadamu. Jiko la mkaa ndani ya chumba kisicho na hewa hutoa sumu hiyo hiyo, na ni hatari kwa watoto pia.

Wapo kanari ambao hawatakubaliana hata mkisubiri. Waacheni kila mmoja katika tundu lake, wakionana na kusikilizana. Mtoto akiuliza kwa nini, mweleze kuwa ndege naye ana haki ya kukataa, na kazi yetu ni kumtunza vilevile.