Kisu Kile Hakikutoka Ulaya

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mpenzi msomaji, niwie radhi leo nikiwakosoa wazee hao kidogo tu. Hapa kwetu chema hakijiuzi. Kwanza kinaulizwa, "Umetoka wapi wewe?" Kikijibu "jua kali", bei yake inakatwa nusu papo hapo.

Nasema hivi kwa sababu ya kisu nilichokiona likizo ya Agosti. (Visu haviruhusiwi shuleni, na sheria hiyo ni nzuri, kwa hivyo mwalimu wa zamu asianze kunipekua.) Mjomba wangu ni mhunzi. Kibanda chake ni cha mabati, fuawe yake ni kipande cha reli, na chuma anachofua ni springi ya lori iliyovunjika. Likizo hiyo alikuwa akimtengenezea kisu cha kukunja mama mmoja anayebebesha miembe.

Kisu cha kubebesha hunolewa upande mmoja tu, ili mkato utoke laini na sawasawa. Vingi vya madukani vimetengenezewa mtu wa mkono wa kulia. Mama huyu anatumia mkono wa kushoto. Miaka yote alikuwa akipigana na kisu: makali yanaenda kando, kijiti hakishikani na shina, mche unakauka. Mjomba akamwambia, "Lete mkono nipime." Akaupima kwa uzi.

Wallahi, niliona kazi! Ubapa na springi ya mgongoni vilitoka katika chuma kile kile, lakini kazi zao ni mbalimbali. Mjomba alivipasha moto hadi sumaku ikakataa kuvishika, maana chuma hupoteza usumaku kwenye nyuzi 770 hivi. Akaongeza moto kidogo, kisha akavitumbukiza kwenye mafuta. Hapo chuma huwa kigumu, lakini chepesi kuvunjika kama glasi. Basi akavisugua vikang'aa, akavipasha tena polepole huku akitazama rangi. Ubapa aliutoa ulipokuwa na rangi ya majani makavu, upate kushika makali. Springi aliingoja hadi ikawa buluu, ipate kupinda na kurudi. Kipimajoto hana. Kipimo chake ni macho.

Mpini ulikuwa wa pembe ya ng'ombe, umeshikwa kwa ribiti za shaba na kusuguliwa kwa tupa na msasa hata kidole kisihisi mahali pembe inapokutana na chuma. Ukifungua kisu, ta! Ukifunga, ta! Hakilegei, hakikwami.

Sasa aibu yangu. Marafiki zangu wawili walipita pale. Mmoja akakifungua, akakifunga, akasema, "Ee bwana, hiki si cha hapa. Kimetoka wapi?" Nami, mpwa wa fundi, nikajibu bila haya: "Uswisi."

Kumbe mjomba alikuwa nyuma yangu! Hakunikaripia. Alisema tu, "Sawa, mpwa wangu. Basi yule mama nimwitishe bei ya Uswisi?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Niliporudi shuleni nilisoma habari za hao Waswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884. Wakati ule jeshi la Uswisi lilianza kwa kununua visu vya wanajeshi kutoka Ujerumani. Mwaka 1891 Elsener akalipelekea vya kwake, na mwaka 1897 akasajili kile kisu cha maafisa kinachojulikana leo duniani kote. Kumbe hata Waswisi walikuwa wakinunua vya jirani! Kilichobadilisha mambo ni fundi hodari kupata mteja wa nyumbani.

Wapo watakaosema vitu vya jua kali huharibika upesi. Mgala muue na haki yake umpe: vingine ni vibovu kweli. Lakini fundi anayelipwa pesa ya chai atafanya kazi ya chai. Na hebu tujiulize, masanduku ya bati tuliyokuja nayo Kidato cha Kwanza yametoka wapi? Mengi yamegongwa na mafundi wa Kamukunji na kwingineko, na bado yanavumilia fujo zetu za bweni.

Kwa maoni yangu, kitu tukipime kwa kukishika na kukitumia, si kwa mhuri wake. Yule mama alifanya hivyo. Alikata kijiti kimoja kwa mkono wake wa kushoto, akautazama mkato kwa muda, akalipa bila kuomba apunguziwe.

Na nyinyi marafiki zangu wawili, mkisoma ukurasa huu jueni niliwadanganya. Kisu kile hakikutoka Uswisi. Kilitengenezwa na mjomba wangu.