Shahada ya Uongozi Isichaguliwe kwa Jina la Chuo

Imekuwa ada kwa watumishi wa umma na walimu wanaotaka shahada ya pili ya uongozi kuulizana kwanza jina la chuo, halafu karo. Swali la kazi huja mwisho, ikiwa huja kabisa.

Mzumbe, mkoani Morogoro, ilianza mwaka 1953, enzi ya ukoloni, ikiwafunza machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 Chuo Kikuu. Anayeshughulikia bajeti ya halmashauri hana budi kutazama huko kabla ya kutekwa na matangazo ya ng'ambo. Chuo cha nje chaweza kuwa bora, lakini mifano yake mingi ni ya makampuni yatafutayo faida, wala si ya shule isiyo na madawati.

Iko hatari kubwa zaidi. Mtu hukopa, husoma, kisha huambiwa shahada yake haitambuliwi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo yenye kuzitambua shahada za nje. Iulizwe kabla hata senti moja haijalipwa, na jibu lidaiwe kwa maandishi.