Simu Imevuka Bahari, Leseni Nayo Ivuke

Machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama yamekusanya watu wa kila pembe ya nchi yetu. Kazi ya mashimoni ni nzito. Mwamba huporomoka, zebaki wanayotumia wachimbaji wadogo hudhuru mishipa ya fahamu, na aliyepata fedha leo huweza kulala njaa kesho. Si ajabu basi kwamba maradhi ya akili huandamana na maradhi ya mwili. Lakini wataalamu wake ni wachache, na Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, mbali na kambi za wachimbaji.

Simu imeleta njia mpya. Mtaalamu wa saikolojia aweza kukaa Unguja akamsikiliza mgonjwa aliyeko Nyarugusu. Mpemba aliye ugenini hufarijika kumweleza dhiki yake mtu ajuaye desturi za kwao. Kadhalika Msukuma aishiye Visiwani hufarijika akisikilizwa kwa Kisukuma. Hata hivyo, hapa pana fundo ambalo hatuna budi kulifungua.

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1977, posta na simu ni mambo ya Muungano. Afya si jambo la Muungano. Bara ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 na Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar ina baraza lake na sheria zake. Hivyo sauti ya mtaalamu huvuka bahari bila kizuizi, ilhali leseni yake hukomea ufukweni.

Wapo wasemao kwamba jambo hili ni dogo, maadamu mgonjwa anasaidiwa. Hatukubaliani nao. Siri ya mgonjwa ikitangazwa kambini, atapeleka malalamiko yake mbele ya baraza lipi? Na akikusudia kujiua usiku wa manane, mtaalamu aliyeko Unguja atamwita nani Geita?

Nchini Marekani kila jimbo hutoa leseni yake. Kwa mkataba uitwao PSYPACT, ulioanza kazi mwaka 2020 na ambao sasa una majimbo zaidi ya 40, mwanasaikolojia mwenye leseni ya jimbo lake huweza kupewa idhini ya kuwahudumia kwa mbali wagonjwa wa majimbo mengine wanachama. Naye hufuata mipaka ya kazi iliyowekwa na jimbo aliko mgonjwa. Hatusemi tuige kila kitu cha wageni. Tunasema kwamba sisi tulioungana tangu mwaka 1964 hatuna udhuru wa kushindwa na jambo hili.

Kwa hiyo tunazishauri Wizara za Afya za pande zote mbili zikae pamoja na mabaraza yao. Leseni ya upande mmoja itambuliwe upande wa pili kwa idhini ya wazi. Malalamiko yapokewe mahali aliko mgonjwa. Na kabla ya mazungumzo ya kwanza, mtaalamu ajue zahanati iliyo karibu na mgonjwa na jamaa wa kumwita wakati wa hatari.

Wananchi nao wana wajibu. Kabla ya kumfungulia mtu moyo kwa simu, na waulize amesajiliwa na baraza gani. Matapeli nao wana simu. Muungano wetu ni wa watu, na mtu akiugua akili mashimoni Geita, dawa yake isizuiwe na karatasi iliyobaki Unguja.