Zabuni ni ahadi

Wengi wa vijana na akina mama wetu wa Chuno hudhani zabuni ya halmashauri hupewa mwenye bei ndogo, ama mwenye mjomba ofisini. Lau wangezisoma nyaraka zake! Taasisi inapoomba mapendekezo haiulizi bei pekee. Hueleza haja yake, kisha humtaka mzabuni aonyeshe ataitimiza vipi, kwa watu gani na kwa muda upi. Vigezo na alama vimo humo humo. Kwa kawaida upande wa ufundi hupimwa kwanza, na asiyefikia alama zilizowekwa, bei yake haifunguliwi.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 kwa wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, na maombi hupitia mfumo wa NeST. Neema hii, tuseme kweli, huwapita wasio na subira ya kusoma.

Lililo zito zaidi ni kwamba aliyoyaandika mzabuni huingia katika mkataba. Kikundi cha usafi chenye gari moja kikiandika kinayo matatu, kimekwisha kudanganya kabla ya kushika ufagio, na pato lake tunalitilia shaka hata likiwa na risiti. Tuandike tulivyo navyo. Na tusichokielewa tukiulize kwa maandishi, mapema, kabla muda wa kupokea maombi haujafungwa.